Kutoboa malumalu ngumu za bafuni bila kuzipasua (nilizipasua mbili ndo nikajua)

Juni ya mwaka juzi nilipasua malumalu mbili za bafuni kwangu hapa Mbeya, zote siku moja, na ya pili niliipasua huku najisemea moyoni "sasa nimeshamjua huyu". Kisa chenyewe hita ya shawa. Anayekaa huku hahitaji kuelezwa, Juni na Julai asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa, mtoto wa shule ukimmwagia kopo la kwanza anapiga yowe majirani wanadhani unamchapa, na hiyo ni Mbeya mjini, ukipanda Makete au Njombe ndo usiseme kabisa. Basi nikanunua hita, nikaazima drili ya shemeji, nikafunga biti ile ile ya kutobolea ukuta, nikawasha. Biti ikawa inateleza tu juu ya malumalu, inachora chora, haiingii. Nikaona huyu anataka nguvu, nikawasha hama, ule mfumo wa drili wa kugonga gonga. Paa! Ufa kona hadi kona.

Shemeji ni mtu wa Iringa, alivyokuja kuchukua drili yake akasimama mlangoni bafuni, akanisalimia vizuri tu "kamwene", akaangalia ukuta, akaniuliza, "Shemeji, ulikuwa unatoboa au unabomoa?" Sikuwa na jibu.

Baadae nikaenda kukaa na fundi mmoja wa malumalu pale Mwanjelwa, mzee wa makamo, hana maneno mengi, akanionesha kwenye kipande kilichokatika nje ya banda lake. Tangu hapo nimetoboa kwangu, kwa mama mkwe Kihesa kule Iringa, kwa jirani wawili watatu, na sijapasua tena, ila moja nimeibandua kipande kidogo kwenye mdomo wa shimo, ntaieleza huko chini. Mi siyo fundi, nafanya kazi ya ofisini, kwaiyo nikiweza mimi na wewe unaweza.

Kwanza jua unatoboa malumalu gani

Hapa ndo wengi tunakosea. Tunaita zote malumalu au tailizi, lakini ziko za aina mbili na zina tabia tofauti kabisa. Kuna zile za seramiki za kawaida za ukutani, ndani udongo wake mwekundu au mweupe kama chaki, juu zimepakwa kioo chembamba. Hizo laini. Ukishavunja kile kioo cha juu, biti ya kawaida inaingia kama kwenye tofali. Halafu kuna za poseleni, hizi zimechomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi mpaka udongo wote umeshikana ukawa kama jiwe, kuanzia juu hadi nyuma. Haina sehemu laini. Ukipita juu unakutana na hiyo hiyo ngumu mpaka mwisho, milimita 8 hadi 10 zote.

Utazijuaje? Kama boksi bado lipo stoo, soma ubavuni. Za poseleni huwa wameandika E≤0.5% au BIa, manake haziwezi kunywa maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake. Zile laini za ukutani utakuta E>10% na BIII, manake zinakunywa zaidi ya asilimia kumi. Boksi halipo? Chukua kipande kilichobaki, geuza nyuma, dondoshea tone la maji. Seramiki inalinyonya sasa hivi, doa linabaki. Poseleni tone linakaa tu linakuangalia. Hauna hata kipande? Angalia nyuma ya choo au nje pale fundi alipomwaga mabaki, huwa hakosekani kakipande.

Kwangu mi nilidhani nina seramiki kwa sababu ziko ukutani. Kumbe siku hizi watu wanabandika poseleni hadi ukutani, na kwa vile zinapatikana kirahisi, kuna viwanda Mkuranga na Chalinze na nyingine zinaletwa kutoka nje, unakuta mtu kanunua kwa kuangalia rangi tu na mwenye duka hajamwambia kitu.

Biti: hapa usibane hela

Biti ya ukuta, ile ya kichwa cha bati gumu kama kashoka, iache pembeni, tutaihitaji mbele. Kwenye poseleni itateleza, itapata moto, ncha itakuwa butu, na wewe utaongeza nguvu, na ukiongeza nguvu unajua kinachofuata. Ile ya mkuki, yenye ncha kama jani, ambayo wauza vifaa wanakwambia ni "ya malumalu na kioo", kwa seramiki iko vizuri sana lakini kwa poseleni unaweza ukafanikiwa shimo moja kwa kuteseka na la pili usilimalize.

Unayoitaka ni ya almasi. Usishtuke, siyo almasi ya Mwadui, ni chenga za almasi za kiwandani zimegandishwa kwenye mdomo wa kibomba cha chuma. Biti yenyewe ipo wazi katikati kama bomba, haina ncha. Haitoboi kwa kuchimba, inasaga duara na kuacha kiduara katikati. Ukiigusa mdomoni inakwaruza kama msasa.

Nazo ziko za bei mbili. Za bei rahisi, almasi zimeshikizwa kwa kuchovya kwenye nikeli, rangi yake ya fedha inang'aa, hizo utatoboa mashimo machache ya poseleni halafu zimekwisha, zikiisha zimeisha hazinolewi. Za bei juu almasi zimechomelewa, unaona chenga zimesimama kubwa kubwa, hizi zinakaa. Kwa mtu wa mashimo manne ya hita na kioo, ya rahisi inatosha, ila nunua mbili za saizi moja maana ikiisha katikati ya shimo saa 11 jioni utajuta. Kwa Mbeya nimezipata Mwanjelwa na maeneo ya Sido, Iringa nilizipata mjini karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi, siyo kila duka, na wengine watakuletea ya mkuki wakuambie ni hiyo hiyo. Siyo hiyo hiyo. Mwambie unataka ya almasi, ya bomba, iko wazi katikati.

Saizi. Hapa kuna siri ambayo fundi wa Mwanjelwa aliniambia na ndo imeniokoa kuliko zote: shimo la kwenye malumalu liwe kubwa kidogo kuliko shimo la kwenye ukuta. Kama unatumia fisha ya milimita 6, zile plastiki za kuingiza ukutani, malumalu itoboe kwa biti ya almasi ya 8, halafu ukuta utoboe kwa biti ya ukuta ya 6. Fisha ya 8, malumalu toboa 10. Sababu ntaieleza tukifika. Ila kabla hujanunua hakikisha kitako cha kifaa chako kitafunika hilo shimo.

Vitu vingine: tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, penseli, pimamaji, chupa ya maji, sponji, kitambaa kibovu, miwani ya kukinga macho. Na drili. Ya betri ni bora zaidi, ntasema kwanini.

Umeme, maji, na wewe katikati

Sasa hili siyo la kupita haraka haraka. Unatoboa ukuta wa bafuni, ndani ya ukuta huo kuna mabomba na inawezekana kuna waya, na mkononi una mashine ya umeme, na unamwagia maji. Drili ya betri inaondoa nusu ya hatari. Kama huna, basi ya waya ipitishe ekstensheni mbali na maji, waya wa drili uache uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye mashine ili maji yakifuata waya yadondokee sakafuni, na maji usimwagie kwa kopo, tumia sponji au chupa ya kupuliza tu. Hapo hapo zima mein swichi ya sakiti ya bafuni na hita kama ipo ya zamani, chomeka drili kwenye soketi ya chumba kingine chenye sakiti yake.

Mabomba: angalia koki iko wapi na shawa iko wapi. Kwa kawaida bomba linapanda wima kutoka kwenye koki kwenda kwenye shawa, au linakuja kwa mlalo kutoka upande wa sinki. Usitoboe kwenye mstari huo, kaa mbali japo kiganja kimoja kila upande. Nyaya nazo zinashuka wima kutoka juu kwenda kwenye swichi ya hita. Kama kuna fundi aliyejenga na bado mnasalimiana, mpigie simu umuulize, dakika mbili tu. Kama nyumba ya kupanga, muulize mwenye nyumba, kwanza ruhusa, pili mabomba. Kuna jirani yangu alikutana na bomba la nusu inchi saa 2 usiku na koki kuu hakuijua iko wapi, watu wakawa wanachota maji kwa ndoo kutoka bafuni kwenda nje badala ya kinyume chake. Kwaiyo ijue koki kuu kabla hujawasha drili.

Na kwa sababu wengi tunatoboa kwa ajili ya hita: kutoboa ni kazi yako, kuunga umeme siyo. Hita za shawa nyingi zinakula wati 3,500 mpaka 5,500 na kuendelea. Wati 5,500 kwenye voti 230 ni karibu ampea 24, inataka laini yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, na waya mnene, siyo kuunga kwenye waya wa taa. Na eathi lazima. Huyo fundi umeme mlipe tu.

Gonga kwanza

Kabla ya kuchora alama, gonga malumalu kwa kifundo cha kidole, sehemu mbali mbali. Ikilia tii, imeshiba nyuma. Ikilia kopo, iko tupu. Huku kwetu mafundi wengi wanabandika kwa madonge, donge kila kona na moja katikati, wanakandamiza, basi, kati ya madonge kuna hewa. Ukitoboa pale penye hewa malumalu haina wa kuiegemea, ndo maana inapasuka hata kwa mtu makini. Kama unaweza, sogeza alama yako uende penye kushiba. Kama huwezi, basi punguza nguvu mara mbili zaidi.

Pia kaa mbali na ukingo. Mi siendi karibu ya sentimita 2 na nusu kutoka kwenye ukingo, na kwenye kona naongeza. Kuna watu watakuambia toboa kwenye grauti, pale katikati ya malumalu mbili, ni rahisi. Kwa zamani grauti ilikuwa nene, sawa. Za siku hizi mstari ni milimita 2, biti ya 8 itauma kingo za malumalu mbili kwa pamoja na utazibandua zote mbili. Toboa katikati ya malumalu, huko ndo ina nguvu.

Kwenye nyumba zetu nyingi nyuma ya malumalu kuna plasta, nyuma ya plasta tofali za kuchoma. Tofali za kuchoma zenyewe hazifanani, zilizokuwa karibu na moto tanurini ni ngumu zinalia kama chuma, zilizokuwa pembeni ni laini unaweza kuzikwangua kwa msumari. Utajua ukifika, ila jiandae.

Kutoboa kwenyewe

Weka tepu ya karatasi juu ya pale unapotoboa, vipande viwili vya msalaba, chora alama ya msalaba kwa penseli juu ya tepu, mistari iwe mirefu kuliko duara la biti ili biti ikishakaa bado uone uko wapi. Kama mashimo ni mawili ya kifaa kimoja, pima kwa pimamaji sasa hivi, siyo baada ya shimo la kwanza. Hita iliyopinda ukishaiona hutaacha kuiona.

Angalia drili. Kuna kitufe au pete yenye picha ya nyundo na picha ya biti. Weka kwenye biti. Rudia kuangalia. Mi huwa naweka na tepu juu ya kile kitufe kisijisogeze. Hama ndo muuaji namba moja, poseleni ni ngumu lakini haina uvumilivu, ukiigonga gonga haipindi, inapasuka.

Spidi iwe ya chini. Kwa biti ya 6 mpaka 10, raundi 800 hadi 1,000 kwa dakika zinatosha. Drili nyingi za betri zina gia mbili, gia 1 inaishia raundi 400 au 500, gia 2 inaenda 1,500 na zaidi, kwaiyo unaweka gia 2 na kubonyeza nusu, au gia 1 na kubonyeza yote ukiwa mtu wa subira. Watu wanadhani ukikimbiza ndo inakata. Inachofanya ni kupata moto, na moto ndo muuaji namba mbili, nikeli inayoshika almasi inaachia, almasi zinatoka moja moja, na biti inabaki bomba la kawaida linalosugua tu.

Kuanza ndo kazi. Biti haina ncha, ukiiweka wima ikaanza kuzunguka itakimbia kama kuku, na itachora mduara kwenye malumalu yako mpya ambao haufutiki. Kwaiyo ilaze drili, nyuzi 45 hivi, mdomo wa biti uguse upande mmoja tu wa duara lako. Anza taratibu kabisa, itakula kamwezi kadogo. Ukiona kamwezi kameshika, anza kuinyanyua drili pole pole huku inazunguka, kamwezi kanakuwa nusu duara, halafu duara zima, na hapo ndo imesimama wima. Hii hatua inachukua sekunde 20 au 30, usiharakishe. Fanyia mazoezi kwenye kipande kibovu kwanza, mara tano, uone inavyokuja. Ukiwa unaogopa kabisa, tafuta kipande cha ubao, kitoboe kwa biti ya mbao saizi ile ile, kibane juu ya malumalu kwa mtu wa kukushikia au kwa tepu imara, ingiza biti ya almasi ndani ya tundu la ubao. Haiwezi kukimbia. Ikishauma milimita moja, toa ubao uendelee na maji.

Maji. Kila wakati. Mi natumia chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko nimekitoboa kwa pini ya moto, kijana wangu anaminya kidogo kidogo juu ya biti, na chini ya shimo nimeegemeza sponji inayopokea. Yale maji ya Mbeya yanayotuumiza asubuhi hapa ndo yana faida, yamepoa vizuri sana. Ukiwa peke yako, sponji iliyolowa igandamize chini ya biti kwa mkono wa kushoto, na kila baada ya sekunde 5 hadi 10 toa biti nje, ichovye kwenye kopo, rudisha. Kutoa nje siyo kupoza tu, ni kuacha maji yaingie mle ndani ya duara na uji utoke. Uji mweupe kama maziwa ndo unataka kuuona. Ukiona vumbi kavu, simama. Ukiona moshi au ukasikia harufu ya kuungua, umeshachelewa kidogo, simama uchovye. Na hayo maji yana kazi nyingine, vumbi la malumalu siyo zuri kwa mapafu, maji yanalilaza.

Nguvu? Kidogo tu, mkono mwepesi wa kuongoza. Ukiona kidole kinakuwa cheupe kwa kusukuma, umezidisha. Ichezeshe kidogo kidogo kama mtu anayezungusha kikombe mezani, siyo sana, ili mdomo usikate sehemu moja muda wote. Shimo moja la 8 kwenye poseleni linanichukua dakika 2 au 3. Mara ya kwanza lilinichukua dakika 7 na mke wangu akaja kuuliza kama nimelala.

Utajua umekaribia kutokea kwa sauti, inabadilika kutoka kwenye mlio mkali wa kusaga kwenda mlio mzito. Hapo punguza nguvu hadi karibu na sifuri. Mi ndo pale nilipobandua ile moja, nilisikia sauti imebadilika nikafurahi nikasukuma. Kikaruka kipande kidogo mdomoni. Bahati kitako cha kioo kilifunika.

Baada ya hapo kiduara kitakuwa kimebaki ukutani au kimeng'ang'ania ndani ya biti. Cha ndani ya biti kisukume kwa msumari kupitia kile kitundu cha ubavuni, usigonge biti kwenye sakafu, utaivunja meno. Cha ukutani kinyanyue kwa bisibisi nyembamba taratibu bila kuegemea ukingo wa malumalu.

Ukuta nyuma yake

Sasa badilisha biti, weka ya ukuta ya 6. Malumalu umetoboa 8, kwaiyo hii inapita bila kugusa. Ndo faida ya kwanza. Biti ya ukuta ikigusa ukingo wa poseleni inaubandua. Iingize mpaka iguse plasta, ndo uwashe. Kama ni tofali laini, usiwashe hama hata kidogo, inazunguka tu na kuingia, ukiwasha hama utapata pango badala ya shimo. Kama ni tofali gumu au zege, unaweza kuwasha hama lakini baada ya biti kuzama japo sentimita mbili ndani, na shika drili iwe wima isicheze. Bandika kipande cha tepu kwenye biti kuonesha urefu unaotaka, urefu wa fisha jumlisha unene wa malumalu jumlisha kidogo.

Faida ya pili. Fisha ikibanwa na skrubu inatanuka, ndo inavyoshika. Ikitanukia ndani ya malumalu inaisukuma kutoka ndani na malumalu inapasuka, na mara nyingi haipasuki saa ile, inapasuka baada ya wiki mbili umeshasahau, ukaanza kulaumu watoto. Kwaiyo fisha isukume ndani kwa msumari mnene mpaka ipite malumalu yote ikae kwenye tofali. Usiigonge kwa nyundo ya nguvu ikiwa bado iko usawa wa malumalu.

Kama shimo la tofali limekuwa legevu, fisha inaingia inazunguka, wazee watakuambia chonga kigingi cha mbao ukigongee. Nje sawa, bafuni hapana, mbao ikinywa maji inavimba na inafanya kazi ile ile ya kupasua. Bora uchukue fisha ndefu zaidi ifike kwenye tofali lenye afya, au jaza simenti nzito, acha ikauke siku mbili tatu, utoboe upya. Kwa baridi ya huku mi naacha nne.

Kabla ya skrubu, minya silikoni ndani ya shimo, ijae mpaka ukingo wa malumalu. Hili watu wanaliruka kabisa. Shimo lisilozibwa linapitisha maji ya kuoga nyuma ya malumalu kila siku, na kwenye tofali za kuchoma yanasambaa, miezi sita baadae rangi ya chumba cha upande wa pili inababuka na hujui kwanini. Skrubu tumia zisizoshika kutu, na malizia kukaza kwa bisibisi ya mkono. Kwa drili hutasikia mpaka wa kutosha na kupitiliza.

Matundu makubwa ya bomba

Kwa bomba la nusu inchi na koki natumia biti ya kikombe, ya almasi ile ile ila pana, ya milimita 25 au zaidi kidogo, kwa bomba la sinki la inchi moja na nusu inakuwa 45 au 50. Mbinu ni ile ile ila spidi inashuka, kwenye 50 nazungusha raundi 300 au 400 tu, na maji mara mbili. Kuanza kwa kulaza ni kugumu kwa biti kubwa, hapo ubao wa kuongozea ni lazima kwangu. Kama malumalu bado haijabandikwa, itoboe ikiwa chini, ilaze juu ya mchanga uliolowa au godoro bovu ishikwe sawasawa, zungushia kidimbwi cha unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati, mwaga maji ndani, toboa humo humo majini. Mama mkwe aliniona na unga wake akanyamaza tu.

Mafundi wengi wanatumia grainda na diski, wanakata msalaba kwa nyuma wanagonga katikati. Inafanya kazi na ni haraka, ila shimo linatoka la pembe pembe, na ile pembe ndo ufa unapoanzia baadae, halafu wanafunika na kile kisahani cha kromu. Kama kisahani kinafunika na malumalu ni za bei rahisi mi sigombani na mtu. Lakini usiifunge biti ya almasi ya kuchovya kwenye grainda, grainda inazunguka raundi zaidi ya 10,000, itaungua kabla hujahesabu kumi. Kuna biti maalumu za grainda za kutoboa kavu, ni zile za kuchomelea, hizo tofauti.

Ikipasuka je? Kama ufa ni mwembamba na kifaa kitaufunika, silikoni na uendelee. Kama umekatiza yote, usiing'oe kwa tindo siku hiyo hiyo una hasira, utapasua na jirani yake. Kwanza kata grauti kuizunguka pande zote nne, ndo uivunje kutoka katikati kwenda nje. Zangu mbili nilizibadilisha hivyo. Bahati nilikuwa na nusu boksi stoo, kama huna, nakuonea huruma, maana rangi ile ile ya boksi jingine huwa haifanani kabisa.

Ukimaliza futa ule uji mweupe wote kabla haujakauka, ukikauka kwenye grauti nyeusi unasumbua kutoka. Chomoa tepu. Silikoni iache masaa 24 bila kumwagiwa maji, na kwa Juni ya huku mpe siku mbili, baridi inaichelewesha. Kwangu watoto waliendelea kuoga maji ya jikoni kwenye beseni siku hizo mbili huku wanaiangalia hita ukutani.